Ukipiga picha mila za watu, waonyeshe!

Wadau, hebu tujiulize. Mtu anakuja kijijini na kamera, anawarekodi bibi na babu wakicheza ngoma yao, kisha huyoo anaondoka. Ile picha ni ya nani? Mara nyingi kijiji hakioni hata kipande. Leo nawaletea jamaa aliyeigeuza hii shughuli.

Anaitwa Vincent Carelli. Alizaliwa Paris mwaka 1953, akakulia Brazili. Mwaka 1986 alianzisha mradi wa Vídeo nas Aldeias, yaani Video Vijijini. Alianzia kwa Wanambiquara, watu wa asili wa huko. Aliwarekodi kwenye sherehe ya binti aliyevunja ungo, halafu akawaonyesha mkanda palepale kijijini. Walipojiona hawakuridhika: mbona tumevaa manguo ya kizungu kiasi hiki? Wakarudia sherehe wakiwa wamejipamba kiasili. Tena wakawatoboa vijana wao pua na mdomo, mila ambayo ilikuwa imelala zaidi ya miaka 20! Uamuzi ulikuwa wao. Video iliwapa kioo tu.

Kuanzia 1997 mradi ukawafundisha vijana wa vijijini kushika kamera wenyewe. Takumã Kuikuro ni mmoja wa waongozaji watatu wa filamu As Hiper Mulheres (2011). Humo mzee anahofia mkewe atafariki, anaomba ngoma kubwa ya wanawake ichezwe ili bibi aimbe tena.

Msidhani ni burudani tu. Kusini mwa jimbo la Rondônia, wenye mashamba makubwa walikana kabisa kwamba msituni kuna watu. Mwaka 1995 Carelli, akiwa na Marcelo Santos wa idara ya serikali inayoshughulikia watu wa asili, alikutana na kaka na dada wa kabila la Kanoê, akawarekodi. Sasa watu walionekana kwa macho, na picha zile zikasaidia msitu wao usiendelee kufyekwa. Kisa chote kipo kwenye filamu yake Corumbiara (2009).

Mimi naona somo ni rahisi. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Ukimrekodi bibi yako akisimulia au akiimba, mwonyeshe kwanza kabla hujarusha mtandaoni. Akisema hapa siyo, rudia. Na mdogo wako mfundishe kurekodi.

Mnaonaje wadau? Je, kwenu nani anarekodi mila, na nani anabaki na picha?