Msimbo wa QR Kwenye Bango la Miito: Tutajuaje Kama Umefanya Kazi?

Kila inapokaribia Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku ambayo Kanisa huombea miito duniani kote, mbao za matangazo parokiani hujaa mabango ya seminari. Siku hizi mengi yana kile kimraba cheusi na cheupe kiitwacho msimbo wa QR. Muumini anaelekeza kamera ya simu janja, ukurasa wa tovuti unafunguka, kisha anasoma habari za malezi au anajaza fomu ya kuwa mfadhili.

Fedha ya kuchapa mabango hayo imetoka kwenye sadaka za watu. Ni haki basi kuuliza: je, kuna aliyeskani? Na kati ya walioskani, wangapi walifanya tulichowaomba? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tutazame namna daftari hilo linavyoandikwa, na namna ya kulisoma bila kujidanganya.

Msimbo haujui ulikobandikwa

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ndani yake hamna mashine. Ni maandishi tu yaliyogeuzwa kuwa vimraba, na kwenye bango letu maandishi hayo ni anwani ya tovuti.

Mtu anapobofya kiungo kilichoko kwenye tovuti nyingine, kwa kawaida kivinjari chake huiarifu tovuti anayoingia kwamba ametokea wapi. Aliyeskani karatasi hana taarifa hiyo. Kwa hiyo programu za takwimu za tovuti, kama Google Analytics au Matomo, kwa kawaida humweka kundi moja na watu walioandika anwani kwa mkono. Ukitumia msimbo uleule kwenye bango, kwenye jarida la Jumapili na kwenye bahasha ya sadaka, wageni wote wataangukia kapu moja na hutajua nani ametoka wapi.

Dawa yake ni kuandika mahali hapo ndani ya anwani yenyewe, kabla ya kutengeneza msimbo. Hufanyika kwa alama za UTM, zilizoanzia kwenye programu ya Urchin ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Mwishoni mwa anwani ya ukurasa tunaongeza hivi:

?utm_source=bango&utm_medium=qr&utm_campaign=miito

Alama ya kwanza inataja mgeni alikotokea, ya pili inataja njia aliyoitumia, ya tatu inataja kampeni. Kwa bahasha tunaandika "bahasha" mahali pa "bango", kisha tunatengeneza msimbo wa pili. Ukurasa unaofunguka ni uleule, lakini kila mgeni sasa anaingia kwa mlango wenye jina.

Kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kwenda kwa mchapaji. Kwanza, "Bango" na "bango" huhesabiwa kama majina mawili, hivyo tukubaliane kutumia herufi ndogo tu. Pili, anwani ikiwa ndefu vimraba huongezeka na kuwa vidogo, na simu yenye kamera hafifu hushindwa kusoma. Tuchague majina mafupi. Tatu, tuskani wenyewe nakala ya majaribio na kutazama ukurasa wa Google Analytics unaoonyesha wageni wa dakika 30 zilizopita. Jina la mlango likionekana hapo, tuchape.

Nne, msimbo wa kawaida ukishachapwa haubadiliki. Ipo misimbo inayopitia kiungo kifupi cha kampuni fulani, ambayo unaweza kuibadilishia ukurasa baadaye. Lakini malipo ya huduma hiyo yakikoma, kiungo kinaweza kufa huku bango bado liko ukutani. Tena kampuni hiyo huhesabu mara msimbo uliposkaniwa, ilhali programu ya takwimu huhesabu ziara zilizofika. Mtu akiskani bila bando, au akakata tamaa kabla ukurasa haujafunguka, hesabu mbili hizo hazitalingana.

Misimbo ya malipo, kama TANQR, ni jambo jingine. Hiyo husomwa na programu ya benki au ya simu, haifungui ukurasa wetu, hivyo mchango wake tuutafute kwenye taarifa ya akaunti.

Kusoma hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Baada ya mwezi mmoja, bango limeleta ziara 120 na fomu 6 zilizojazwa. Bahasha imeleta ziara 30 na fomu 12. Anayetazama ziara peke yake atalisifu bango. Anayetazama fomu ataona kwamba kwa bango ni asilimia 5 tu waliojaza, na kwa bahasha ni asilimia 40. Ili kupata hesabu hii ya pili, ni lazima mapema tuielekeze programu kwamba kufunguka kwa ukurasa wa "Asante" ni tukio muhimu. Bila hivyo itahesabu waliogusa mlango na kunyamaza kuhusu walioingia.

Je, tuseme bahasha ndiyo iliyowashawishi watu? Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tulifundishwa katika mantiki kwamba jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Huenda bahasha zilichukuliwa na wale waliokwisha kuamua kutoa. Huenda fomu nyingi zilijazwa Jumapili ile paroko aliposema maneno mawili baada ya komunyo. Kwa hiyo tulinganishe tarehe na saa za ziara na matukio ya parokia, tena turudie zoezi mwaka unaofuata kabla ya kutoa hukumu.

Tukumbuke pia kwamba programu huhesabu vifaa na ziara, haihesabu watu. Familia inayotumia simu moja huonekana kama mtu mmoja. Mwenye simu mbili anaweza kuonekana wawili.

Mipaka ya udadisi

Kwa ufundi uleule mtu angeweza kutoa msimbo tofauti kwa kila kaya ya jumuiya, akaona nani alifungua ukurasa na hakutoa kitu. Hilo tusilifanye. Masharti ya Google Analytics yanakataza kuingiza taarifa zinazomtambulisha mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, Injili ya Mathayo sura ya 6 inatufundisha kwamba sadaka hutolewa sirini. Tupime mabango yetu, tusiwapime waumini. Jina la mlango liishie kwenye "bango", "jarida" au "bahasha".

Tena wapo ambao hawataonekana kamwe kwenye chati. Bibi wa kigangoni mwenye simu ya kitochi hawezi kuskani. Huenda ndiye anayesali rozari kila jioni kwa ajili ya miito, na ndiye anayemkabidhi katekista debe la mahindi kwa ajili ya seminari. Tukipanga kampeni ijayo kwa kufuata chati peke yake, mwaka hadi mwaka tutazungumza na wenye simu janja tu, na tutadhani wengine hawajali.

Kwa hiyo kando ya msimbo tuchape pia namba ya simu, pamoja na maelezo ya nani wa kukabidhiwa mchango parokiani au kigangoni. Mwisho wa kampeni, fomu za tovuti, taarifa ya akaunti na daftari la katekista visomwe pamoja, mezani pamoja, kabla ya kuamua mwaka ujao tuchape nini.