Kikombe cha Saa Nne

Saa nne asubuhi, katika skuli moja ya kisiwa cha Pemba, mtoto anapewa kikombe cha plastiki chenye namba na kuelekezwa chooni. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukikusanya mkojo wa alfajiri, mengi utayakosa. Mtoto anarudi na kikombe chake. Mpimaji anachovya kijiti chenye kipande cha manjano kwenye ncha, anakitoa, anatazama saa yake ya mkononi. Dakika haijesha, umanjano umeanza kugeuka kijani. Mna damu humo, ingawa kwa macho mkojo ulikuwa safi kabisa.

Kijiti kimegusa mkojo tu, lakini habari inayotafutwa ni ya ndani zaidi: kibofu, mirija ya mkojo, na mwisho wa njia hiyo, figo.

Figo zimejificha. Ziko nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, zimeegemea misuli ya mgongo, kila moja kiasi cha ngumi ya mwenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja maji ya damu karibu lita 180, na karibu yote huyarudisha mwilini. Kinachobaki kwenda chooni ni lita moja na nusu au mbili. Tena figo ni kimya. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi ya figo zake na bado akaenda shamba, akapanda baiskeli, asisikie maumivu. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wametafuta pa kuchungulia.

Mwaka 1877 daktari wa Kijerumani, Maximilian Nitze, alionyesha bomba jembamba la kupitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni. Taa yake ilikuwa waya wa platini uliopashwa moto kwa umeme mpaka ukang'aa, na ilibidi maji yazungushwe kandokando yake ili usimuunguze mgonjwa. Mwaka 1951 Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen walieleza namna ya kuchukua kinyama cha figo kwa sindano kupitia mgongoni, mgonjwa akiwa amekaa. Kabla ya hapo, kwa kawaida aliyetaka kinyama hicho ilimlazimu kumfungua mtu kwa kisu.

Kisha ikaja zamu ya upasuaji wa matundu madogo. Juni 1990, katika mji wa St. Louis, Marekani, Ralph Clayman na wenzake walimtoa figo yenye uvimbe mwanamke wa miaka 85 bila kulipasua tumbo lake. Tatizo lilikuwa la hesabu nyepesi: figo ni kama ngumi, na tundu halifiki upana wa kidole gumba. Ngumi itapitaje? Waliitia figo ndani ya mfuko humo humo tumboni, wakaikatakata mfukoni, wakaitoa vipande vipande. Kazi ilichukua karibu saa saba. Leo haichukui muda wote huo. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni daioksaidi ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi, kamera huingia kwa tundu moja, mikasi na koleo kwa mengine, na daktari hufanya kazi akiangalia kioo. Jiwe la figo huweza kutolewa kwa tundu la sentimita moja mgongoni, au bila tundu lolote, kwa kamera nyembamba inayopanda kupitia njia ya mkojo yenyewe. Kidonda huwa kidogo, maumivu hupungua, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Lakini kamera hiyo haiendi peke yake. Inataka umeme usiokatika, hewa ya mitungi, mtaalamu wa nusukaputi, na mikono iliyofundishwa kwa miaka. Na kwa mtu wa Micheweni, Pemba, inataka pia nauli ya boti, ndugu wa kumsindikiza, na siku za kazi zitakazopotea. Kwa hiyo swali la maana Pemba limekuwa jingine: tuione figo mapema vipi, kabla haijahitaji tundu?

Hapa lazima tushuke bondeni, kichocho kinakoanzia. Pemba ina vilima vingi, na katikati yake mabonde ya mpunga, vijito na madimbwi. Humo huishi konokono wadogo wa maji wanaobeba kichocho. Vijidudu hutoka kwenye konokono, huingia kwenye ngozi ya mtoto anayeogelea au mama anayefua, husafiri ndani ya damu, na hatimaye hukomaa kuwa minyoo inayoishi miwili miwili kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Theodor Bilharz aliigundua minyoo hiyo Cairo mwaka 1851. Yai la mnyoo huo lina mwiba kwenye ncha. Mayai mengine hupenya na kutoka na mkojo, na damu ikayafuata. Mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu na wa mirija. Yanapokwama hufanya kovu, kovu hukaza mrija, mkojo hurudi nyuma, na figo iliyo juu hujaa maji na kuvimba. Mwenyewe hasikii kitu.

Miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya watoto katika skuli nyingi za Pemba walikuwa na kichocho. Kuwapima wote kwa darubini kungetaka wataalamu ambao hawakuwapo. Mradi ulioanza 1986 ulichukua njia nyepesi: tazama mkojo kwa macho, chovya kijiti, mpe dawa mwenye damu. Lorenzo Savioli na Kenneth Mott waliueleza ulimwengu mwaka 1989 kwamba njia hiyo rahisi inawanasa hasa wale wenye mayai mengi, ambao ndio figo zao ziko hatarini. Karibu wakati huo huo, huko Kilosa, Tanzania Bara, watafiti walikwenda mbali zaidi: walipeleka karatasi za maswali kwa walimu, na walimu wakawauliza watoto kama wanakojoa damu. Majibu ya watoto yalitosha kuonyesha ni skuli zipi zenye ugonjwa mwingi. Tangu hapo kumuuliza mtoto kukawa kipimo.

Altrasaundi iliongeza jicho. Sauti isiyosikika na sikio hupenya mwilini na kurudi, na maji huonekana meusi kwenye kioo. Figo iliyojaa mkojo huonekana na doa jeusi katikati, pasipo tundu wala sindano. Ndiyo iliyoleta habari njema: kwa watoto waliomeza dawa ya kichocho, praziquantel, uharibifu mwingi wa kibofu na figo hupungua ndani ya miezi michache. Habari mbaya ni kwamba mtoto akirudi kwenye maji yale yale, nao hurudi.

Kati ya 2012 na 2017 mradi mkubwa ulifanyika katika shehia 45 za Pemba na 45 za Unguja. Zote zilipata dawa. Theluthi moja ilipata na dawa ya kuua konokono, theluthi nyingine na mafunzo ya kubadili tabia. Kichocho kilishuka sana, lakini hakikwisha; kikabaki kwenye vishimo vyake, shehia hii kipo, ya jirani hakipo. Basi kuanzia 2020, kaskazini mwa Pemba, wapimaji walirudi na silaha ya zamani. Mahali palipobaki na maambukizi machache walipima kwa kijiti skulini, kisha wakaifuata njia ya mtoto mwenye damu hadi nyumbani kwake na hadi kwenye maji anayoogelea.

Familia ya vijiti hivyo ina pia kipande kingine, cha kupima protini, na hicho ni cha wakubwa. Mwenye sukari au shinikizo la damu huweza kuharibikiwa figo kwa miaka bila dalili. Mara nyingi protini kwenye mkojo ndiyo hutangulia kusema. Akiambiwa kliniki atoe mkojo kwenye kikombe, asione ni usumbufu.

Yule mtoto wa saa nne anasimamishwa kando ya fimbo ya kupimia urefu. Fimbo haina namba za sentimita, ina alama za vidonge: kichwa kinapofikia ndipo panaposema ameze vingapi. Anameza kwa maji, anakunja uso kwa uchungu wa dawa, anarudi darasani. Jua la mchana litakuwa kali na bonde liko njiani kurudi kwao. Kwa hiyo namba iliyo kwenye kikombe chake haifutwi daftarini. Ataitwa tena.