Kompyuta na vifua vya wanaapolo

Hapa Bagara tunao vijana waliokwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti; wachimbaji hao huitwa wanaapolo. Mdogo wangu alirudi na kikohozi kisichokwisha. Vumbi la mawe ya mgodini huacha makovu kwenye mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kompyuta zisome eksirei za kifua za wenye miaka 15 na zaidi, kutafuta dalili za ugonjwa huo. Programu hufundishwa kwa maelfu ya picha, za wagonjwa na wazima, hadi ijue doa lipi ni la kutiliwa shaka. Kisha hutoa alama. Ikivuka kiwango kilichowekwa, mtu hutoa makohozi yakapimwe kwa mashine ya GeneXpert.

Kinachonikosesha raha ni yale makovu. Kwenye picha huweza kufanana na kifua kikuu, na programu iliyozoea mapafu ya watu wasiochimba huweza kuyachanganya. Nataka picha za wachimbaji wetu ziingie kwenye mafunzo hayo. Mdogo wangu alipopimwa, daktari alianza kwa kumuuliza, “Umechimba miaka mingapi?” Programu inayosoma picha peke yake haiulizi hivyo.