Saratani ya Kongosho: Kwa Nini Daktari Huangalia Mishipa ya Damu Kwanza

Wagonjwa wawili wana saratani ya kongosho, na uvimbe wao unalingana kwa ukubwa. Mmoja anapangiwa upasuaji, mwingine anaambiwa aanze na kemotherapi. Familia ya huyu wa pili huenda ikadhani mgonjwa wao amekatiwa tamaa. Mara nyingi tofauti iko kwenye mishipa ya damu.

Kongosho liko nyuma ya mfuko wa chakula. Hapo hapo hupita vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini, pamoja na ateri inayolisha utumbo. Mtu hawezi kuishi bila mishipa hii.

Uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho na mishipa haijaguswa, madaktari wanaweza kufanya upasuaji wa Whipple, uliopewa jina la Allen Whipple, daktari wa New York aliyeueleza mwaka wa 1935. Huondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba na mfuko wa nyongo, kisha huunganisha sehemu zilizobaki.

Uvimbe ukishika vena, wakati mwingine daktari bingwa hukata kipande kilichoshikwa na kuiunga tena. Ukizunguka ateri zaidi ya nusu, kwa kawaida kisu hakitangulii. Mgonjwa hupewa kemotherapi, halafu hupigwa picha upya. Baadhi yao hufanyiwa upasuaji baadaye.

Isitoshe, mishipa yetu haifanani. Kwa watu wengine, ateri ya upande wa kulia wa ini huchipuka kutoka ateri ya utumbo na kupita nyuma ya kichwa cha kongosho. Daktari asipoitambua mapema, anaweza kuikata na ini likakosa damu. Ni kama fundi anayechimba msingi bila kujua bomba la maji limepita wapi kwenye ploti.

Ndiyo maana mgonjwa hufanyiwa skani ya CT huku akidungwa dawa inayoonyesha mishipa vizuri. Ultrasaundi pekee haitoshi.

Mkazi wa Gatina, usingoje ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi, kinyesi cheupe, kukonda bila sababu, au maumivu ya tumbo yanayofika mgongoni. Dalili hizi zina sababu nyingi, lakini nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe. Ukihitaji bingwa, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Beba picha zote ulizopigwa, si ripoti pekee, na umuulize daktari: uvimbe umegusa mshipa gani? Baada ya kemotherapi, nitapigwa picha tena lini?

Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, piga *147# leo. Usajili ni bure.