Mswada Unapotafuta Mchapishaji

Mchapishaji na mpigachapa ni watu wawili tofauti, na wapo waandishi waliopoteza akiba yao kwa kutolijua hilo. Mpigachapa ana mtambo. Hupokea faili na malipo, hutoa vitabu, na kama hadithi ni nzuri au mbaya, hilo halimhusu. Mchapishaji huteua mswada, huuhariri, hugharimia usanifu na upigaji chapa, kisha hukiuza kitabu akitumaini kurudisha mtaji wake. Anayemtaka mwandishi atoe fedha ndipo "amchapishie" anafanya kazi iliyo karibu zaidi na ya mpigachapa, hata kama kibao cha mlangoni kwake kinasema vingine. Kumlipa si kosa, ili mradi mwandishi ajue ananunua nini.

Kwa kuwa mtaji ni wake, mchapishaji huuliza kwanza nani atakinunua kitabu. Afrika Mashariki jibu limekuwa, kwa miaka mingi, shule. Kitabu kilichopata ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au ya taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, kina soko la kutegemewa kuliko riwaya ya watu wazima inayomsubiri msomaji mmoja mmoja mwenye noti mfukoni. Ndiyo maana mswada mzuri unaweza kukataliwa bila kuwa na kasoro yoyote. Soko hili nalo lina gharama kwa fasihi: mwandishi huanza kujikata makali mwenyewe, akiogopa kwamba tukio fulani halitapita darasani. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Ingekuwa hasara kubwa kama mwandishi angeilainisha mapema ili kukwepa zuio hilo. Ni afadhali kuamua mwanzoni kama kitabu ni cha wanafunzi au la, kisha kukiandika hivyo hadi mwisho, na kukipeleka kwa mchapishaji anayetoa vitabu vya aina hiyo. Diwani ya mashairi ikipelekwa kwa kampuni inayouza vitabu vya hisabati itarudi ilivyokwenda, au haitarudi kabisa.

Lakini kabla ya soko kuna lugha, na hapa ndipo miswada mingi inapofia. Adui wa miswada hiyo ni Kiswahili cha mikutano na taarifa za habari, chenye "suala la", "hali ya" na "kutokana na" kila mstari. Mathalani: "Mama Asha alikuwa katika hali ya huzuni kubwa kutokana na suala la kufiwa na mumewe." Sentensi haina kosa la sarufi, lakini haina mtu ndani yake. Mwandishi aliyekaa na mhusika wake angeweza kuandika: "Arobaini ilishapita, na Mama Asha bado alipakua ugali wa watu wawili, akakumbuka, akaurudisha mmoja sufuriani." Neno huzuni limeondoka, na huzuni yenyewe imeingia. Njia rahisi ya kuzigundua sentensi za aina ya kwanza ni kuusoma mswada kwa sauti. Kiswahili ni lugha ya masikio, na "ambaye" tatu zilizofuatana humkwaza msomaji hata kama jicho liliziruka.

Mswada ukishasafishwa, haupelekwi ukiwa uchi. Huambatana na barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja hadi mwisho wa hadithi (mhariri si wa kufichwa siri), na maelezo machache kuhusu mwandishi. Majibu huchukua miezi. Njia nyingine ni mashindano, nayo ni kongwe. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ndipo ikatoka kitabu mwaka 1960. Siku hizi ipo tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Zote hupokea miswada isiyochapishwa, yaani hazimtaki mwandishi awe na jina.

Mswada ukikubaliwa, furaha huwafanya wengi watie saini bila kusoma. Kifungu cha mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, ndicho cha kukitazama kwa kikokotoo. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na duka linapewa punguzo la asilimia 35. Mchapishaji hupokea 6,500. Mrabaha wa asilimia 10 ukihesabiwa kwa bei ya dukani ni shilingi 1,000 kwa nakala. Ukihesabiwa kwa fedha zilizomfikia mchapishaji ni 650. Kwa nakala 1,000 tofauti ni shilingi 350,000, na yote imejificha katika maneno mawili matatu ya mkataba. Kifungu cha pili ni cha haki: tafsiri, filamu, sauti na toleo la kielektroniki zitajwe moja moja, pamoja na muda wa mkataba na hatima ya haki hizo kitabu kikiacha kuchapishwa. Hakimiliki yenyewe huanza mara kazi inapoandikwa, na kwa sheria za Tanzania na Kenya hudumu uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mkataba mbaya huweza kuwafikia hata wajukuu.

Wapo wanaoamua kujichapishia, na si njia ya walioshindwa. Mwandishi Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na riwaya yake ya Dar es Salaam Usiku ilikuja kuchapishwa tena Nairobi. Ila sasa kazi zote za mchapishaji huhamia kwa mwandishi. Atamlipa mhariri, ambaye asiwe shemeji mwenye huruma. Ataomba namba ya ISBN yenye tarakimu 13, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Atajifunza kwamba mitambo mingi hupiga kurasa kwa mafungu ya 16, hivyo kitabu cha kurasa 162 kitalipiwa 176, na kupunguza kurasa mbili kunaokoa fungu zima. Kisha atazunguka madukani, ambako vitabu hupokelewa kwa mali kauli: duka hulipa baada ya kuuza. Hapo daftari ni muhimu kuliko kalamu ya kutia saini za mashabiki. Huandikwa humo tarehe, idadi ya nakala, bei waliyoafikiana na jina la aliyezipokea, naye hutia saini yake kabla mwandishi hajatoka dukani.