Jokofu la Boti na Njaa Yake ya Umeme

Katika boti nyingi za matanga, jokofu lililojengewa ndani hutumia umeme mwingi kuliko chombo kingine chochote. Taa huwashwa usiku tu na redio kwa dakika chache, lakini jokofu hudai haki yake usiku na mchana kutoka kwenye betri za volti 12. Betri zikianza kuishiwa, wengi hukimbilia kununua nyingine au kuongeza paneli za sola. Dawa hiyo ni ghali, na joto linaloingia ndani ya sanduku la jokofu hubaki palepale.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kuta zote za sanduku, pamoja na mfuniko, zina eneo la mita 3 za mraba na zimejazwa povu la poliyurethani lenye unene wa sentimita 5. Nje kukiwa na nyuzi 30 na ndani nyuzi 5, joto la wati 37 hivi hupenya bila kupumzika. Kompresa ndogo huhamisha takriban wati moja na nusu za joto kwa kila wati ya umeme, hivyo itahitaji kama ampea-saa 50 kwa siku. Povu likifikishwa sentimita 10, mahitaji hayo hupungua kwa nusu. Akiba inayopatikana inakaribia umeme ambao paneli ya wati 100 hutoa siku ya jua kali.

Boti nyingi zinazofika Kilifi au Zanzibar ziliundwa kwa ajili ya bahari baridi za Ulaya, na povu jembamba lililofaa huko halitoshi katika Bahari ya Hindi, ambako maji yenyewe huwa na nyuzi 25 hadi 30. Ubaya huzidi povu likilowa, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko povu kavu. Mbao za nje ya sanduku zikiwa baridi na kutoa jasho, hapo pana kasoro. Povu lililolowa halina tiba ila kuondolewa. Likiwa kavu lakini jembamba, vibao vya povu huweza kubandikwa kwa ndani na maungio kuzibwa vizuri. Nafasi ya chakula hupungua, lakini hasara hiyo inafaa kukubaliwa.

Mfuniko ulio juu ni bora kuliko mlango wa mbele, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haimwagiki unapofunguliwa. Mpira wake hupimwa kwa karatasi: ikichomoka kwa urahisi mfuniko ukiwa umefungwa, mpira ubadilishwe. Kuna tundu jingine linalosahaulika mno, nalo ni la kutolea maji chini ya sanduku. Likiwa wazi, baridi hushuka mfululizo hadi kwenye ngama. Kizibo cha bei ndogo hulimaliza tatizo hilo.

Joto lililotolewa nalo lazima lipate pa kwenda. Kondensa, yaani sehemu inayolitoa joto hilo, ikifungiwa chini ya kiti au karibu na injini, huvuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe. Inahitaji njia ya hewa safi kuingia, njia nyingine ya hewa moto kutoka, na feni inayozunguka vizuri. Vumbi lifagiliwe mara kwa mara. Ndani ya sanduku, barafu inayoganda juu ya kivukizi, yaani sehemu inayofyonza joto, iyeyushwe ikiwa bado na unene wa milimita chache, maana nayo huzuia joto lisifyonzwe.

Nyaya ndefu na nyembamba, au viungio vilivyoliwa na chumvi, hushusha volti hadi kompresa ijizime hata betri zikiwa hazijaisha. Suluhisho ni nyaya nene na viungio safi.

Mzigo mpya pia una gharama. Kupoza lita 10 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 5 hula kama ampea-saa 16, kwa hiyo vinywaji viingizwe saa ambazo jua ni kali au injini inachaji betri.

Ili kujua pa kuanzia, zihesabiwe dakika ambazo kompresa inafanya kazi kwa saa moja ya usiku, mfuniko ukiwa haufunguliwi. Ikizidi nusu saa, sanduku na kondensa vikaguliwe kwanza. Kipimo hichohicho kirudiwe baada ya kila rekebisho, katika usiku wenye joto linalofanana.