Mwache Naye Apumzike



Kila shule zinapofungwa, wazazi wengi huulizana: "Sasa huyu mtoto atakaa bure mwezi mzima?" Basi kabla sare haijakauka kambani, amekwisha kutafutiwa mwalimu wa masomo ya ziada.

Isome amri ya nne katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Amri hiyo yasema na mwenye nyumba. Humtajia mwanawe, binti yake, watumishi wake, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye malangoni mwake, kwamba hao wote wapumzike pamoja naye. Sababu yake yatolewa papo hapo: Waisraeli walikuwa watumwa katika Misri, na mtumwa hana siku yake. Walipoomba ruhusa waende kumwabudu Mungu, Farao aliwaita wavivu, akawanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali isipunguzwe. Neno hilo la uvivu bado tunalo vinywani.

Hapa Kenya sheria nayo imesema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, yakataza kumlazimisha mwanafunzi masomo ya likizo, na avunjaye aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Lakini mara nyingi ni sisi wazazi tunaochanga fedha za masomo hayo! Twasahau kwamba mtoto alalapo, ubongo wake hukaza yale aliyojifunza. Na akipelekwa kwa nyanya yake kuchunga mbuzi na kusikiliza hadithi, hupata elimu isiyo na mtihani.

Kwa wafanyakazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa mshahara kamili. Likizo ya kweli, si ile ambayo simu ya ofisi inalia kutwa, na mwalimu amebeba mabunda ya karatasi za kusahihisha nyumbani.

Tena yuko mmoja tunayempita mlangoni tukienda ibadani. Ni yaya. Sisi twaimba, yeye anaosha vyombo. Twarudi na wageni, naye anapika. Usiku mtoto akilia, ni yeye anayeamka. Sheria haikumwacha nje, wala ile amri ya Musa haikumwacha, maana mtumishi wa kike ametajwa humo waziwazi.

Jioni hii, ndugu yangu, mwite umwulize siku yake ya kupumzika ni ipi. Mkubaliane siku yenyewe, na siku hiyo ikifika, chai ipike wewe.